Kokoto tano za Ireland na mdako wetu

Aliyewahi kuchimba kishimo cha mdako hahitaji kuelezwa mara mbili mchezo wa kokoto tano wa watoto wa vijijini Ireland. Wenyewe huuita jackstones.

Kuchagua kokoto ni nusu ya mchezo. Ziwe tano, kila moja kama kunazi. Iliyo duara mno hubingirika mgongoni mwa mkono ikaanguka. Iliyo bapa hulala chini, vidole vikashindwa kuikwanyua. Nzuri ni iliyolainishwa na maji ya mto, yenye umbo la yai. Chezea kizingiti cha jiwe au udongo ulioshindiliwa, maana kwenye majani kokoto huzama.

Unazirusha zote tano, unageuza mkono na kuzipokea kwa mgongo wake. Baada ya hapo unazitawanya chini na kubaki na moja. Hiyo unairusha juu, unaokota moja ya chini, unadaka inayoshuka kwa mkono uleule. Zikiisha unaingia mbili-mbili, halafu tatu na moja, mwisho nne kwa mkupuo. Ukigusa kokoto usiyoikusudia, zamu imekutoka.

Wengi hukwama kwenye tatu. Sababu ni kutawanya ovyo: mkono ukiwa juu, kokoto huruka mbali. Ushushe karibu na ardhi, uzimwage taratibu. Kosa jingine ni kurusha juu sana ili kupata muda. Kokoto hukimbilia mbele, nawe unaifuata kwa mwili mzima. Usawa wa macho unatosha, mradi ipande wima.

Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Ngano ya Ireland, yaani ya hadithi na mila za jadi, iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi kuwauliza wazee wao habari za kijijini, michezo ikiwemo, na kuziandika kwa mkono. Madaftari hayo yanatunzwa University College Dublin, na sasa yanasomeka kwenye intaneti.

Naona mdako unastahili heshima hiyohiyo, na wa kuuandika ni watoto wenyewe, kwa sababu wao ndio watakaouliza jambo ambalo mtu mzima hulipuuza. Mwalimu atoe daftari moja kwa darasa. Mtoto aende kwa bibi na maswali manne: kishimo kiwe kipana kiasi gani, kokoto ngapi, kinachorushwa ni jiwe au ndimu, na kosa gani linakunyang'anya zamu.