52 ya nini?

Naunga mkono makala yanayotaka mtoto apimwe Hisabati dhana kwa dhana kwenye jedwali, si kwa alama moja ya jumla. Binti yangu, hapa Likoni, Mombasa, alileta 52 ya Hisabati. Nikamlipia tuisheni muhula mzima, kumbe kuzidisha na kugawanya anajua. Kilichomshinda ni kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. 1/2 na 1/3 yeye kwake ni 2/5, badala ya 5/6! Jioni tatu za kukata chapati kwa kisu, akaelewa. Ile 52 ikabaki palepale. Hata kiwango cha "kukaribia matarajio" cha mtaala mpya, kikiandikwa kwa somo zima, hakinambii lolote. Aruhusiwe kurudia alichokosa, alama ibadilike. Ila mwalimu mwenye watoto sitini darasani atayajaza lini majedwali hayo ya dhana kwa kila mtoto? Hapo mwandishi kapita mbio.