Ghorofa la Ilazo, shamba la Mpunguzi

Nguzo za ghorofa ya tatu zikishachomoza kwa jirani, uani hapaaniki tena nguo kwa amani. Hilo ndilo lalamiko la kwanza utakalolisikia hapa Dodoma, Ilazo, Kisasa au Area D, mtu akitaka kujenga kwenda juu: tulinunua viwanja vya makazi, tukapanda miembe, tukazungushia fensi, leo madirisha ya watu yanatuchungulia mpaka jikoni.

Wanaolalamika wasiitwe wenye wivu. Nyumba nyingi za Dodoma bado zinategemea mashimo ya majitaka, na shimo lililochimbwa kwa familia moja likibebeshwa nane, gari la kunyonya litashinda getini. Hata historia iko upande wao. Mpango wa mji mkuu wa 1976 uliuchora mji wa nyumba fupi wenye nafasi, wa kutembea kwa miguu. (Nani leo atatoka Nala kwa miguu mpaka sokoni Majengo?)

Ila kuna hesabu moja hainiachi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 hapa mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Wameongezeka zaidi ya 354,000 kwa miaka kumi. Haya, tuwapange wote kwa mtindo tunaoupenda: watu watano, nyumba moja ya chini, kiwanja cha mita za mraba 600. Zinahitajika zaidi ya ekari 10,000, na hapo sijagusa barabara, shule wala makaburi.

Ekari hizo haziokotwi porini. Pembezoni mwa mji ni mashamba ya mtama, uwele, karanga, na kwa upande wa Mpunguzi, zabibu. Mzee wa Kigogo anaamkia shambani, anakuta bikoni ya zege, alama ya mpaka wa kiwanja kilichopimwa, imesimikwa katikati ya mizabibu. Mizabibu ile ilimla miaka ya kuitunza kabla haijampa kitu, na sasa anavuna mara mbili kwa mwaka. Fidia atalipwa mara moja. Manung'uniko ya ardhi ndiyo yaliyoifikisha CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikipima na kugawa viwanja hapa, kuvunjwa mwaka 2017. CDA imeondoka, bikoni zinaendelea kutembea. Kila tunapokataa ghorofa Ilazo, tunaisogeza bikoni nyingine kwa mzee huyu, naye hayumo kwenye ubishi wetu.

Wengine wanaleta hoja ya maji. Ni kweli mji unategemea sana visima vya Mzakwe, na mgao tunaujua, ndoo zetu zinaujua zaidi. Lakini mtu haogi mara mbili kwa sababu analala ghorofani. Ukimpeleka kilomita ishirini nje ya mji atatumia maji yaleyale, ila sasa kwa bomba refu zaidi, lenye viungio vingi zaidi vya kuvuja.

Sisemi tupandishe ghorofa kumi. Tatu au nne zinatosha, zianzie mitaa iliyokwisha kuunganishwa na bomba la majitaka, na kwingine bomba litangulie nguzo. Suala la kuchunguliwa linamalizwa na mchoraji: vyumba vitazame barabarani, upande wa jirani viwekwe vijidirisha vya juu vya choo na stoo. Hayo yaandikwe kwenye kibali, na mkaguzi apite kabla ya lipu, si baada ya wapangaji kuhamia.