Meokda ya Kikorea ni kula tu, au kuna maneno mawili humo?

Wengi wanaojifunza Kikorea kupitia tamthilia wanakariri kwamba meokda (먹다) ni kula, halafu wanashtuka wakisikia mtu kala umri (nai-reul meokda), yaani umri umesogea, au kala moyo (maeum-eul meokda), yaani kaamua jambo, mwingine kala woga, na timu nayo inakula goli. Hapo watu wanagawanyika, kuna wanaosema haya ni maneno tofauti yaliyogongana sauti tu na kuna wanaosema ni kula ileile mwanzo mwisho.

Mimi hao wa pili nawaelewa sana, na Mswahili kwa kweli hana sababu ya kushangaa, maana sisi tunakula kiapo, tunakula hasara, tunakula njama, timu ikifungwa nne tunasema wamekula nne, na mzee tunasema kala chumvi nyingi. Wakorea nao siku ya mwaka mpya wao, Seollal, wanakula tteokguk, supu yenye vipande vyembamba vyeupe vya unga wa mchele, na ukimuuliza mtu amekula bakuli ngapi za tteokguk umemuuliza ana miaka mingapi. Juni 2023 sheria ya Korea Kusini ikasawazisha umri kwa hesabu ya kimataifa, yaani kuanzia siku uliyozaliwa, lakini mdomoni umri bado unaliwa. Kitu kikikuingia kikawa chako basi umekila, hata poda ikikaa vizuri usoni wanasema hwajang-i jal meokda, ngozi imeipokea.

Ila sikio ndio linanikwamisha. Gwi-ga meokda maana yake mtu kawa kiziwi, sasa hapo sikio limekula nini? Hakuna kilichoingia, kuna kuziba tu. Kamusi ya taasisi ya taifa ya lugha ya kule imelitenga kabisa hili kama neno lake, pamoja na pua iliyoziba, na naona wamefanya sawa, kulilazimisha liwe kula ni kuonea lugha ya watu. Maandishi ya zamani hayakufikishi mbali sana hapa, Hangul yenyewe, alfabeti ya Kikorea, ilitangazwa 1446 na kwenye vitabu vya karne hiyo shina meok- la kula lipo tayari. Mi nasikiliza zaidi neno meongmeokhada (먹먹하다), lenye meok hiyohiyo ndani yake, ile hali masikio yanaziba ndege ikiwa inashuka, unameza mate mpaka yafunguke, pale hakuna chakula kabisa.