Ufagio wa Berea haulipi ada

Ada za vyuo zikipanda, hakosekani wa kuuliza: kwa nini wanafunzi wetu wasifanye kazi chuoni wakasoma bure, kama Berea? Anakusudia Berea College, chuo kidogo cha Kentucky, Marekani, chenye wanafunzi wapatao 1,500, ambacho tangu 1892 hakimtozi mtu ada ya masomo. Huko kila mwanafunzi, awe anasoma falsafa au kemia, hufanya kazi ya chuo angalau saa 10 kwa wiki, na vipindi vyake viko palepale. Mmoja yuko maktaba, mwingine analisha nguruwe, mwingine anafuma vitambaa au anafunga mafagio, mwingine yuko mapokezi ya Boone Tavern, hoteli ya chuo iliyofunguliwa 1909.

Tupige hesabu. Wiki 30 za masomo, saa 10 kila wiki, ni saa 300. Tukiithamini kila saa kwa dola 10, tunapata dola 3,000 kwa mwaka. Kumsomesha kijana mmoja kwenye chuo cha namna hiyo, chenye madarasa madogo, ni mara kadhaa ya fedha hizo. Tena saa zenyewe hulipwa ujira, unaomsaidia kwa vitabu na chakula. Mzigo wa ada unabebwa hasa na faida ya mfuko wa akiba wa chuo, uliokusanywa kwa michango ya vizazi na sasa unazidi dola bilioni 1. Anayetaka kuiga mafagio bila mfuko ajue anaiga nini.

Basi kazi ni ya nini? Wanaoitetea husema ni sehemu ya masomo: ina msimamizi, inapimwa, ina kumbukumbu zake, na anayeizembea huwekwa chini ya uangalizi kama aliyefeli darasani. Mimi hoja hiyo hainitikisi sana, maana hata gereji ina msimamizi. Inayonigusa ni nyingine. Berea huchukua vijana wa familia zenye kipato kidogo, wengi kutoka milima ya Appalachia, pamoja na wachache wa nchi za nje, na wote wanafanya kazi. Kwenye vyuo vya matajiri, anayepakua chakula bwaloni mara nyingi ni yule asiye na kitu, na anayepakuliwa anamjua. Berea hakuna wa kumdharau mwenzake kwa deki. Na kwa udogo wa chuo, mwalimu anaweza kukukuta asubuhi umeshika ndoo, na mchana akakubana darasani kwa insha uliyoandika ovyo.

Usawa huo una historia. John G. Fee, mpinga utumwa, alikianzisha 1855, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani weusi na weupe walisoma pamoja mpaka sheria ya Kentucky ya 1904 ilipokataza. Mahakama Kuu ya Marekani iliiunga mkono 1908. Weusi walirudi 1950.

Upande wa pili nao si mwepesi. Saa 10 ni saa 10. Kijana wa chuo tajiri hizo anazitumia maabara na profesa wake, au analala, halafu wote wawili wanakutana kwenye usaili mmoja. Mwaka wa kwanza kazi unapangiwa, hata kama haihusiani na unachosoma. Lakini tuwe wakweli: maskini angefanya kazi tu. Waulize wanaosoma kwetu, bumu, yaani mkopo wa kujikimu, likikata, ni wangapi wanauza vitu hosteli au wanahangaika mjini usiku, kwa bosi asiyejua kesho kuna mtihani, mpaka wanakamata sapu, yaani mtihani wa marudio. Afadhali kazi iliyo hatua chache kutoka bwenini.

Sisi tuna kumbukumbu yetu. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967, ilitaka shule ziwe na mashamba na zichangie gharama zake. Shuleni kwetu jembe lilikuwa la aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi. Aliyewahi alikwenda darasani. Kazi ikishakuwa adhabu, hakuna anayejifunza kitu zaidi ya kuwahi namba.

Ukitaka kujua Berea inasimama juu ya nini, tazama ilipotishika. Mwishoni mwa 2017 Bunge la Marekani lilipitisha kodi ya asilimia 1.4 kwa mapato ya mifuko ya vyuo vyenye akiba kubwa kwa kila mwanafunzi, na Berea ikaingia kwenye wavu. Ilitetewa hadi Washington, akiwemo Seneta Mitch McConnell wa jimbo hilohilo. Februari 2018 sheria ikarekebishwa: kodi iwe kwa vyuo vyenye wanafunzi wanaolipa ada wasiopungua 500. Berea haina hata mmoja.