Mie Sina Gari, Nina Kilima

Mtu akikuuliza una gari, jibu lake fupi tu. Mie lazima nikae kitako kwanza. Ninayo pikapu, Datsun 1200, ya mwaka 1976. Imeipita CCM kwa mwaka mmoja. Ina milango miwili: mmoja hufunguka kwa nje, wa pili hufunguka kwa dua. Inabeba ndizi, muhogo na mashelisheli kutoka shamba mpaka sokoni Wete, na mzigo haijawahi kuukataa. Inachokataa ni kuwaka asubuhi.

Na tusidanganyane, nasema baridi ya Pemba. Kipupwe, mwezi wa saba, alfajiri ikizidi sana ni nyuzi 22. Kuna nchi watu wanafukua gari ndani ya theluji, wanaiwasha, wanakwenda kazini. Yangu ikiona umande juu ya boneti imeshaumwa. Napiga stata: nye-nye-nye-nye. Inakohoa mara moja, kama mzee aliyetaka kusema neno barazani akaghairi. Kimya. Napiga tena. Nye… nye… Basi tena.

Halafu ikifika saa nne, jua limepanda, ndizi zangu zimeshakosa mnunuzi wa jumla, unagusa ufunguo tu, vrum! Utadhani si yeye. Hapo ndipo ninapotamani kuipiga teke, ila bodi yake siku hizi ni kutu na rangi, mguu utatokea upande wa pili.

Ndiyo maana maisha yangu yakageuka ya kutafuta miteremko ya kuiwashia. Bahati nzuri kisiwa chetu kina vilima kila upande. Nikialikwa harusi siulizi anaoa nani, nauliza nyumba iko juu au bondeni. Chake Chake sina shida, mji umekaa kilimani. Wete nako barabara inateremka vizuri mpaka bandarini, lakini ina hesabu zake: ukifika chini hujawaka, mbele yako ni Tanga. Mkoani nilikwenda kumpokea shemeji yangu kwenye boti, nikafanya ujinga wa kuegesha chini kabisa, pua ya gari imeelekea kilimani. Vijana watatu wa bandarini wakanisukuma kinyumenyume, nikaiwasha kwa gia ya rivasi, na shemeji yuko kiti cha mbele, amekumbatia begi, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Tangu siku hiyo akija hupanda daladala.

Micheweni ndiko kwa mkwe wangu. Kule ardhi ni mawe, na tambarare kama meza. Siendi. Mzee anaona nina kiburi, ameshamwambia mpaka binti yake. Si kiburi, baba. Kule kwako gari italala mpaka nayo ihesabiwe mtu wa nyumbani.

Hendibreki nayo haishiki, kwa hiyo nina jiwe. Nalitia chini ya tairi nikiegesha, nalitupa nyuma nikiondoka. Mke wangu aliwahi kuniambia, "Hilo jiwe umelitembeza kuliko mie." Sikumjibu, maana ni kweli.

Sasa nyumbani kwangu, mpaka ufike kwenye mteremko kuna hatua kama sitini za tambarare, na katikati ya hizo hatua kuna msikiti. Unaelewa ninakokwenda. Watu wakitoka swala ya Alfajiri wananikuta nimesimama pembeni ya gari, mikono nyuma, nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Mwanzo walikuwa wanagombea thawabu. "Haya jamani, tumsaidie ndugu yetu!" Kanzu zinakunjwa, gari inakwenda. Mwezi wa pili wakapungua. Mwezi wa tatu nikagundua watu wazima, wengine ndevu nyeupe, wanatokea mlango wa udhuoni, viatu mkononi. Aliyebaki hakosi ni mzee mmoja jirani yangu, miaka sabini na ushei, anasukuma huku anahesabu hatua.

Na barazani je? Ukitaka kujua Wapemba wangapi ni mafundi, sema gari yako haiwaki. Mmoja akasema betri. Nikanunua betri, hela ya mbuzi wa maana. Nye-nye-nye ikawa na nguvu zaidi, basi. Mwingine akasema koili, kile kidude kinachotoa umeme wa cheche. Tukabadilisha koili. Wa tatu akasema platini, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa koili, zimeungua. Hizo kweli zilikuwa zimeungua, tukazipiga msasa, tukaziacha uwazi wa nusu milimita hivi. Gari ikakohoa mara mbili badala ya moja, tukashangilia. Mmoja akanivuta pembeni, akaninong'oneza kuwa gari imekaliwa, nitafute mtu aizingue. Ah! Najua watu wa mbali wakisikia Pemba wanaanza kutazama nyuma ya mabega yao, lakini wallahi jini gani mwenye akili atahamia kwenye ile Datsun? Kiti kimetoka springi.

Mpwa wangu akaja kutoka Unguja na kigari chake kidogo, kile cha kubonyeza kitufe. Akafungua boneti yangu, akatazama weee, akaniuliza, "Mjomba, kompyuta yake iko wapi?" Nikamwonesha jiwe.

Lakini aliyeniponza hasa ni mvuvi. Akaniambia, sisi mashine ya boti ikigoma tunatoa plagi, tunazichoma motoni, ukizirudisha za moto inawaka. Sasa mie nilikuwa na tabia nyingine mbaya, siijui kama mbaya: kabla ya kupiga stata nakanyaga eksileta mara kumi, kumi na tano, kama fundi cherehani mwenye oda ya sikukuu. Kumbe kila ukikanyaga, kabureta inarusha petroli mbichi ndani. Mara mbili ni dawa. Mara kumi na tano ni mafuriko. Nikazitoa plagi zote nne, zimeroa chepechepe, zinanuka. Nikaenda nazo jikoni.

Mama watoto alikuwa anachoma chapati. Nikapanga plagi zangu pembeni ya makaa, taratibu, kwa heshima. Akanitazama.

"Leo twala mishikaki ya chuma?"

"Dakika mbili tu, mke wangu."

Petroli iliyobaki kwenye plagi ikashika moto, fuu! Ulimi wa moto ukapanda mpaka kwenye chapati. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila chapati siku ile zilikuwa na ladha ya sheli, na watoto walizila kimya wakinitazama kama wanaohama kesho. Gari, nisiikosee haki, iliwaka. Siku ile moja. Kesho yake nilipoelekea jikoni na spana ya plagi, nikakuta mlango umetiwa komeo kwa ndani.

Hapo ndipo nikaambiwa nimtafute fundi mmoja mzee, aliyeacha kazi siku nyingi, macho yamepungua. Sikutaka kwenda. Nilishalipa mafundi wanne wenye macho mazima. Nikaenda kwa sababu nyumba yake iko juu ya kilima.

Tena hakusogea kwenye gari. Alikaa kwenye mkeka wake akaanza kuniuliza maswali kama Maalim anayemsikiliza mwanafunzi hitima.

"Ikishapata moto yawaka?"

"Kwa kidole."

"Ikiwa baridi, ukiisukuma?"

"Yawaka, mzee."

"Basi umeme upo. Hao waliokuuzia koili walikula ya bure."

Akanieleza kwamba stata ikizungusha injini inanyonya betri, cheche ya plagi inabaki dhaifu. Ukiisukuma, betri inapumzika, umeme wake wote unakwenda kwenye cheche, na injini inazunguka kwa kasi kuliko stata inavyoweza, ndiyo maana inashika hata kama mafuta hayakukaa sawa. Mimi nakubali tu, ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku nahesabu hela ya mbuzi kichwani.

Kisha akasema petroli haiungui ikiwa maji. Inaungua ikishakuwa mvuke na kuchanganyika na hewa. Injini ikiwa ya moto mvuke unapatikana wenyewe. Ikiwa baridi, petroli nyingi inabaki maji kwenye kuta za njia kama umande asubuhi juu ya boneti, inayofika ni kidogo, na hewa ni nyingi mno. Ndiyo maana pakawekwa choki.

"Umewahi kunywa dafu kwa mrija uliotoboka?" akaniuliza.

"Nimewahi."

"Unavuta unapata nini?"

"Upepo."

"Ukiziba tundu kwa kidole?"

"Maji yanakuja."

"Hicho kidole ndiyo choki. Inaziba hewa, injini ikivuta, yaja petroli."

Nikafurahi, maana choki mimi naitumia. Nikamwambia, mzee, mie tangu ninunue gari hii, mwaka wa sita huu, hakuna asubuhi nisiyovuta choki, tena kwa bismillahi. Akainuka. Tukafungua boneti, akanitaka nifungue kifuniko cha kichungio cha hewa, yale mabati ya mviringo kama sufuria ya pilau. Akainamia kabureta, akaweka kidole kwenye kile kibati cha mdomoni mwake.

"Nenda ndani, vuta choki."

Nikavuta. "Tayari!"

"Nimesema vuta."

"Nimevuta mzee!"

"Vuta bwana!"

Nikavuta kwa hasira. Kitufe kikatoka, nyuma yake ukafuata waya, nikaendelea kuvuta, waya unakuja tu, mpaka nikawa nimekaa kwenye gari na waya mzima mapajani kama mvuvi aliyepandisha mshipi mtupu.

Kule mwisho haukushika kitu. Skrubu ndogo inayobana waya kwenye kile kibati ilikuwa imelegea, labda kabla sijainunua gari. Kibati kiko wazi mchana na usiku. Miaka sita navuta kamba isiyofungwa ng'ombe! Betri, koili, chapati, mkwe wangu Micheweni, yote haya kwa sababu ya skrubu ambayo mzee yule aliikaza kwa bisibisi ya cherehani, kwa kupapasa.

Nikamuuliza nimlipe nini. Akasema halua. Nikampelekea halua ya Wete, kilo nzima, na nikamwona alivyoifungua nikajua jicho la halua halijapungua.

Asubuhi iliyofuata nikavuta choki mpaka mwisho, nikakanyaga eksileta mara mbili tu, nikapiga stata. Nye-nye, vrum. Nilikaa ndani nikaogopa kutoka. Halafu nikaondoka nayo mpaka Wete na choki nimeisahau nje, sijairudisha ndani ilipopata moto. Moshi mweusi tangu nyumbani mpaka sokoni, petroli imekwenda kama nimeimwaga, na watu wawili njiani walinisimamisha kunipa pole wakidhani naungua. Siku ya pili nikairudisha. Hilo nalo nimelijua.

Jana alfajiri basi, watu wanatoka msikitini, wamenizoea, wengine wameshapinda kuelekea udhuoni. Nikagusa ufunguo, ikawaka. Pale mlangoni palikuwa na kimya, kisha takbira. Walionikimbia wote wakaja kunipa mkono kama waliosukuma wao. Wawili wakataka lifti ya Wete, papo hapo.

Yule mzee jirani alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu, amekwishasimama mahali pake nyuma, kulia. Akaizunguka gari polepole, akaja dirishani.

"Imepona?"

"Imepona, mzee wangu. Sitakusumbua tena."

Akanitazama kwa uchungu kabisa.

"Daktari wa Chake ameniambia sukari imeshuka kwa sababu ya hii gari," akasema. "Zima. Hebu zima kwanza, nisukume mpaka pale kwenye mteremko."

Nikazima.