Aliyenunua boti kuukuu ya faiba hajapotea njia

Kijana akisema amenunua boti kuukuu ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, aifufue kwa mikono yake, naye hajawahi kushika rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda, maishani, watu wa pwani wana jibu moja: rahisi ghali. Ukijumlisha rezini, mikeka ya nyuzi za kioo, plaiwudi, rangi na juu ya yote injini, kile kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa huishia kula fedha za boti nzima. Hesabu hiyo siipingi. Anayetaka kuvua mwezi ujao asinunue gofu la boti.

Ninachopinga ni dhana iliyojificha nyuma ya jibu hilo, kwamba faiba ikichakaa ndiyo imekufa. Dhana hiyo tumeirithi kutoka kwenye mbao. Mashua ya mbao ikiachwa bila kuzibwa mianya kwa kalafati wala kupakwa deheni, wadudu wa baharini huitoboa na jua huipasua. Faiba hailiwi na wadudu. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake: plaiwudi ya ukuta wa tezi, nyuma ya boti pale inapofungwa injini, na mihimili iliyo chini ya sakafu. Maji hupenyea kwenye tundu moja la skrubu ambalo halikuzibwa, yakakaa humo miaka, huku ngozi ya nje ikiendelea kung'aa.

Nilimsindikiza binamu yangu kukagua boti ya futi 16 iliyolala chini ya mwembe huko Mtwapa, pwani ya Kenya. Tuliigonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia omo, yaani mbele. Ubavuni mlio ulikuwa mkavu, wa kukata. Tulipofika tezi, chini ya matundu ya boliti za injini, mlio ukawa mzito kama unagonga papai bivu. Tukatoboa kwa drili: yakachuruzika maji ya rangi ya chai, yakifuatwa na unga wa mbao uliolowa. Mzee mwenye boti akainamisha kichwa. Binamu yangu akachangamka, maana sasa ugonjwa ulikuwa na mahali, na bei ikashuka hapo hapo.

Alikata ngozi ya ndani, akakwangua mbao iliyooza, akaacha pakauke kabisa kabla ya kupachika plaiwudi mpya kwa epoksi, aina ya rezini inayoshika sana. Kazi ile inadai subira kuliko kipaji, na kanuni zake anayeanza anaweza kuzishika. Rezini ya poliesta, aina nyingine, hutaka dawa ya kugandisha asilimia 1 hadi 2 tu. Ukiizidisha kwenye joto letu, kopo linafuka moshi kabla hujachovya brashi, na tone la dawa hiyo likiruka jichoni linaweza kukupofusha. Ufa hauzibwi kwa kubandika kiraka juu yake. Kingo zake husagwa kwa mteremko wa takriban mara 12 ya unene, yaani ngozi ya milimita 5 hutaka mteremko wa milimita 60. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani, lakini poliesta haiaminiki juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Haya yote hufundishika.

Wanaoonya wana hoja nzito kuliko ya fedha, nayo ni roho za watu. Tezi iliyozibwa kwa haraka inaweza kung'oka na injini mkiwa nje ya mwamba. Kwa hiyo fundi mzoefu aione kabla haijafunikwa kwa rangi, na boti isichukue abiria bila kukaguliwa na mamlaka.

Kuna takwimu moja ambayo bado inanikosesha usingizi. Mwaka 2024 watafiti walioichunguza bandari ya Chichester, Uingereza, walichapisha kwamba chaza walikutwa na hadi chembe 11,220 za kioo cha faiba kwa kilo moja, na kome hadi 2,740. Chaza huchuja maji anamoishi, kwa hiyo kilichomo ndani yake kimetoka kwenye maji yale. Na chembe ziliongezeka majira ya baridi, wakati boti zinapopandishwa nchi kavu na kupigwa msasa. Kumbe matengenezo yenyewe ni chanzo kikubwa, na hapo kidole kinamwelekea huyu ninayemtetea. Binamu yangu alipowasha grainda siku ya kwanza, upepo ulibeba vumbi jeupe moja kwa moja hadi kwenye mikoko. Nilimzuia.

Lakini gofu lililoachwa nalo halikai kimya. Jua hula rezini, nyuzi hujitokeza, mawimbi huzimeng'enya mwaka baada ya mwaka. Rezini ikishaganda haiyeyushwi tena kama ndoo ya plastiki, ndiyo maana Ufaransa tangu 2019 ina mpango wa kuvunjavunja boti zilizokwisha umri, watengenezaji wakichangia gharama. Boti ya Mtwapa ingechomwa au ingesukumwa mkondoni. Vumbi la ufundi lina mwanzo na mwisho, na linaweza kuzolewa. La gofu hakuna anayelizoa.

Tulihamia mbali na maji, tukatandika turubai na kuzungushia jingine, barakoa usoni. Msasa wa mwisho tuliupiga kwa maji, na maji yale tukayachuja kwa kitambaa. Kila jioni tulizoa. Kazi ilipokwisha tulikuwa na gunia moja na nusu la vumbi, limefungwa mdomo, zito kiasi kwamba tulilibeba wawili.