Ruzuku za manusura: nani alipe nauli ya kwenda mahakamani?

Binti aliyechukuliwa kijijini huko Kasulu kwa ahadi ya kazi za ndani, akaishia kuuzwa kwa wanaume katika vyumba vya nyuma ya baa, gharama zake huanza siku ile polisi wanapomtoa humo: matibabu, hifadhi, ushauri nasaha, kuwatafuta ndugu zake, na kesi. Hapa Kigoma sehemu kubwa ya mzigo huo inaangukia asasi za kiraia, nazo kwa kawaida hutegemea ruzuku za wafadhili. Kinachobishaniwa ni namna ya kuzitoa: ziwe za mradi wenye muda, bajeti na idadi ya wanufaika iliyopangwa tangu mwanzo, au ziwe fedha za uendeshaji ambazo asasi itazipanga kadiri mahitaji yanavyojitokeza.

Wanaotetea masharti makali wana hoja nzito. Manusura amekwisha kuuzwa mara moja, na nyumba salama isiyokaguliwa inaweza kumuuza mara ya pili kwa kumpiga picha za kuombea fedha, au kwa kumchelewesha kurudi kwao ili idadi isipungue. Asasi za mfukoni, zile zinazofufuka tangazo la ruzuku linapotoka, sote tunazijua. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kutangaza hadharani fedha hizo na matumizi yake, ingawa tangazo la gazetini halikai vizuri na nyumba ambayo usalama wake ni kutojulikana ilipo.

Hata hivyo, masharti yaliyoandikwa na mtu asiyeijua kazi huivuruga kazi yenyewe. Chukua nauli. Kesi inapotajwa mjini, manusura aliyekwisha kurejeshwa kijijini huletwa pamoja na mlezi wake. Wakifika, inaahirishwa, na baada ya wiki mbili safari ni ileile. Bodaboda aliyewafikisha stendi hatoi risiti, ilhali mhasibu wa mradi anaidai. Niliwahi kuonyeshwa daftari la mama mlezi mmoja, kaunta buku lililochakaa jalada, ambamo nauli ya shahidi imekatwa kwa kalamu nyekundu mara tatu na pembeni pameandikwa “haipo kwenye bajeti”. Shahidi asipofika, kesi hudhoofika na mtuhumiwa anaweza kuachiwa, lakini katika taarifa ya mwaka binti yule bado anahesabiwa miongoni mwa “waliohudumiwa”.

Idadi ina ubaya wake mwingine. Kuhamasisha watu mia tano katika mkutano wa hadhara ni rahisi na kunapendeza kwenye jedwali kuliko kuwalea mabinti sita kwa miaka miwili, kwa hiyo asasi yenye njaa ya ruzuku itachagua mkutano.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilidhihirika kwamba hata mradi uliosainiwa na kukaguliwa vizuri unaweza kukatika kwa amri iliyotolewa mbali. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ilikwisha kuanzisha mfuko wa kuwasaidia waathirika, na kwa maoni yangu huko ndiko nauli, chakula na matibabu vinakopaswa kutoka, kwa sababu shahidi huyo ni shahidi wa Jamhuri. Wapo wanaohofia, na si bure, kwamba asasi inayolishwa na serikali itasita kumsema askari aliyekula rushwa. Basi mfuko ubebe gharama za manusura, na mishahara ya asasi ilipwe na wafadhili, kwa ruzuku ya angalau miaka mitatu inayokaguliwa kwa kuulizia binti yuko wapi leo na kesi yake iliishaje. Kuhusu bodaboda, saini ya mlezi na ya afisa ustawi wa jamii katika fomu moja ingetosha kuwa risiti.